Usingoje Darasa la Tatu

Wazazi wengi Wakatoliki hapa Mabawa, Tanga, huanza kuhangaika na dini ya mtoto siku tangazo linaposomwa kanisani: watoto wa Komunyo ya Kwanza waje kuandikishwa. Hapo ndipo mtoto wa miaka tisa anafundishwa Ishara ya Msalaba mbio mbio, na mbele ya katekista anaifanya kwa mkono wa kushoto. Usifike huko. Anza sasa, hata kama bado ananyonya.

Tazama jirani zako Waislamu. Shule ikishatoka, watoto wa nyumba ya pili wanabeba juzuu zao wanakwenda chuoni. Leo, kesho na keshokutwa. Wengine hawajafika hata miaka mitano. Mwanao anawaona wakipita, na yeye ana Jumapili moja tu kwa wiki, tena ile ambayo mvua haikunyesha. Dini humkaa mtoto kwa kidogo cha kila siku. Dakika tano za nyumbani kila jioni zitakusaidia kuliko saa mbili za Jumapili peke yake. Nyingi ya mbinu zilizomo humu zinatoka kwenye hesabu hiyo.

Makaratasi kwanza

Mbatize mapema. Sheria ya Kanisa inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anabatizwa ndani ya wiki chache za kwanza. Sisi hungoja gauni, msimamizi kutoka Dar na hela ya pilau, mpaka mtoto anakwenda kwenye kisima cha ubatizo kwa miguu yake na kumgombeza padri. Pilau italiwa tu, hata mwakani.

Jiandikishe kwenye jumuiya. Wapangaji ndio hukwama hapa. Umehamia kutoka Lushoto au Moshi, mwaka wa pili huu uko Mabawa, na hujui jumuiya ya mtaa wako ni ya mtakatifu gani. Uliza ofisi ya parokia au Mkatoliki yeyote wa jirani, ufike wiki hiyo hiyo. Maaskofu wa Afrika Mashariki walizifanya jumuiya ndogondogo kuwa msingi wa uchungaji tangu miaka ya 1970, na katika parokia nyingi karatasi ya ubatizo haipokelewi bila sahihi ya kiongozi wa jumuiya. Ya Komunyo vilevile. Mwenyekiti hawezi kumtilia sahihi mtu asiyemjua, na usimlaumu.

Chagua msimamizi wa karibu. Sheria inataka awe ametimiza miaka 16, awe amepata Komunyo na Kipaimara, aishi imani yake, na asiwe baba wala mama wa mtoto. Mimi naongeza moja: awe anafikika. Mama wa ubatizo anayekaa Mikanjuni, anayeweza kumpitia mtoto Jumapili ukiwa zamu, ana faida kuliko mjomba mwenye gari anayeonekana kwenye picha za siku ile tu.

Cheti cha ubatizo kipige picha kwa simu siku hiyo hiyo, kisha kihifadhi pamoja na cheti cha kuzaliwa. Utadaiwa cheti hicho kwenye Komunyo, kwenye Kipaimara na siku ya ndoa. Kikipotea usihamanike. Jina lake limo kwenye kitabu cha parokia alikobatizwa. Nenda ukiwa na mwaka, majina ya wazazi na jina la msimamizi, utapewa kingine.

Dakika tano za nyumbani

Anza na Ishara ya Msalaba, na angalia unavyokaa. Ukimfundisha mkitazamana, mtoto anakuiga kama kioo na mkono wake wa kushoto unapanda. Mpakate, nyote mtazame upande mmoja. Shika mkono wake wa kulia, upeleke kwenye paji la uso, kifuani, bega la kushoto, bega la kulia. Polepole. Mtoto wa miaka miwili anaweza. Maneno yatakuja nyuma.

Funga sala kwenye jambo ambalo tayari mnalifanya. Ukishachomekea chandarua, mnasali. Chakula kikishatengwa, mnasali. Ukisema "tutasali saa mbili", saa mbili itakukuta jikoni au kwenye tamthilia.

Sala ya kwanza kuikariri iwe Salamu Maria. Ni fupi na ina mahadhi. Kisha Baba Yetu, mkigawana: wewe unaanza mstari, yeye anaumalizia. Atukuzwe Baba ataipata mwenyewe. Nasadiki iache kwanza, ataikuta mbele ya safari.

Mpe na nafasi ya kusali kwa maneno yake. Atamwombea bibi, kisha kuku, kisha baiskeli ya jirani. Usicheke, wala usimsahihishe. Ukimrekebisha mara mbili tatu ataacha kusema yaliyo moyoni mwake na kuanza kusema unayotaka kuyasikia.

Mtengee kona. Meza ndogo, msalaba, picha ya Bikira Maria, rozari ya plastiki ambayo hata ikikatika hutahuzunika. Mshumaa uwashe wewe, uzime wewe, na usikae karibu na chandarua.

Mjulishe somo wake. Kama anaitwa Antoni, siku yake ni 13 Juni, na siku hiyo ndiyo ya msimamizi wa Kanisa Kuu letu la pale Chumbageni. Kama ni Bakhita, ni 8 Februari. Siku ya somo mpikie anachokipenda na umsimulie habari zake. Mtakatifu Antoni huwapendeza sana watoto kwa kuwa Wakatoliki humwomba wakipotelewa na vitu, na mtoto gani hajapotelewa na ndala?

Hadithi ndizo chakula chake kikuu kabla hajajua kusoma. Shirika la Kanisa Hitaji limekuwa likitoa Biblia ndogo ya watoto yenye picha tangu 1979, na ya Kiswahili ipo. Uliza parokiani au kwenye duka la vitabu vya Kanisa. Usipoipata, simulia kwa kichwa. Hadithi za bahari hazimchoshi mtoto wa Tanga: Yesu amelala chomboni na dhoruba inapiga, wavuvi wamekesha bila kupata kitu, Yesu anawachomea wenzake samaki ufukoni alfajiri. Mtoto anayekwenda Deep Sea na kuwaona wavuvi wakishusha samaki haelezwi wavu ni nini.

Kizito naye msimulie. Alikuwa kijana wa miaka kama 14, mdogo kuliko wenzake, na aliuawa Namugongo, Uganda, tarehe 3 Juni 1886 pamoja na Karoli Lwanga. Ila kwa mtoto wa miaka minne simulia sehemu ya urafiki wao na jinsi Lwanga alivyombatiza. Moto uache hadi akue, na usiusimulie saa ya kulala.

Kama asubuhi ni vurugu, washa Redio Maria, au Redio Huruma ya hapa hapa Tanga, huku ukimvalisha sare. Atashika nyimbo bila kufundishwa.

Misa na mtoto mdogo

Hapa ndipo wengi hukata tamaa, kwa hiyo twende taratibu.

Chagua Misa ya asubuhi. Kuanzia Desemba hadi Machi joto la Tanga halina huruma, na mtoto mwenye joto hana dini. Misa ya kwanza ina upepo, ina watu wa wastani, na mtoto bado ana akili yake. Uliza pia kama parokia yako ina Misa ya watoto. Mwaka 1973 Roma ilitoa mwongozo maalumu wa Misa za watoto: padri anaruhusiwa kufupisha, kuzungumza nao na kuwashirikisha. Mpeleke huko, ila mara nyingine mwende wote kwenye Misa ya familia, asije akadhani kuna kanisa la watoto na kanisa la watu wazima.

Mlishe kabla ya kutoka. Saa moja ya kufunga ni ya anayepokea Komunyo, mtoto haimhusu. Uji na andazi moja vinatosha. Kisha choo. Akikwambia hana haja, mpeleke hivyo hivyo.

Mvalishe pamba. Lile gauni la wavu linalochoma kwapani ndilo linalomliza, na wewe unadhani ni utundu. Viatu vya kuwaka taa na vya kulia "kwi kwi" vibaki nyumbani.

Mfuko wako uwe na maji, kitambaa na kitabu kimoja kidogo cha picha za dini. Biskuti za karatasi inayokwaruza hapana. Simu hapana kabisa. Ukimpa simu Jumapili moja, ataidai kila Jumapili hadi apate Kipaimara.

Kaa mbele, upande wa mlango wa pembeni. Najua umezoea nyuma. Lakini nyuma mtoto anaona migongo tu, na mgongo haufundishi kitu. Mbele anaona altare, mishumaa, watumikiaji, kwaya. Mlango wa pembeni ni wako, wa kutokea mambo yakiharibika.

Mnong'oneze kinachofuata, sentensi moja moja. "Sasa tunasimama, ni Injili." "Sikiliza, kengele italia." "Sasa tunapeana amani, mpe bibi yule mkono." Mtoto anayejua kinachokuja hutulia. Siku za mwanzo usitafute utulivu wa Misa nzima. Tafuta vipande vitatu: Injili, sadaka na mageuzo. Kati ya hapo mwache apumzike begani.

Sadaka yake aitoe mwenyewe. Sarafu umpe nyumbani, aishike njiani, atembee nayo mpaka kwenye kikapu. Ukimchomolea noti pochini dakika ile ile, hajatoa yeye, umetoa wewe.

Mchezo wa rangi haujaniangusha hata mara moja. Kabla hamjaingia, akisie Padri atavaa rangi gani. Kijani ni kipindi cha kawaida, zambarau ni Majilio na Kwaresima, nyeupe ni Noeli na Pasaka, nyekundu ni Pentekoste na siku za mashahidi. Mara mbili kwa mwaka, Jumapili ya tatu ya Majilio na ya nne ya Kwaresima, Padri anaweza kutoka na ya waridi, na hapo ndipo utasikia mtoto anapiga kelele za furaha. Mwache.

Akilia, toka. Usimfinye. Ule mfinyo wa kanisani tunaujua sote, unaofanywa chini chini huku uso ukitazama altare. Unamfundisha kwamba kanisani ni mahali pa kuumizwa. Toka naye, simama kivulini, mtulize, kisha mrudi. Kurudi ndiko kwenye kazi. Mkiishia kwa muuza ubuyu getini, ameshajua kilio kinanunua nini.

Kuna mzee atageuka akutazame vibaya. Yupo kila parokia. Mwamkie baada ya Misa, mtoto naye ampe shikamoo, na wiki ijayo huenda akawa ndiye anayemshikia mkono.

Usimtishe kwa vitu vitakatifu. "Padri atakuchapa." "Mungu atakuchoma." Baadaye utataka mtoto huyo huyo aende kitubio kwa padri huyo huyo bila kutetemeka. Badala yake, Misa ikiisha mpeleke akamsalimie: "Tumsifu Yesu Kristo." Mfundishe na namna ya kuitikia. Akishamwona Padri anacheka na kumuuliza jina, hofu imekwisha.

Mara moja moja pita naye kanisani siku ya kawaida, kanisa likiwa tupu. Mwonyeshe taa ya tabernakulo, maji ya baraka, sanamu, Njia ya Msalaba ukutani. Mwache aulize kwa sauti yake ya kawaida. Dakika kumi za namna hiyo hupunguza maswali ya Jumapili kwa nusu. Kwa mtoto mwenye usonji au asiyevumilia kelele, hii ndiyo njia ya kuanzia. Zungumza pia na katekista mapema, asije akamhesabu kuwa mkaidi.

Sikukuu chagua. Jumapili ya Matawi usimkoseshe: kuti mkononi, maandamano, nyimbo, huo ni ulimwengu wake. Angalia tu kuti lisiingie kwenye jicho la mtu. Maandamano ya Ekaristi pia yanamfaa. Mkesha wa Pasaka utamlaza sakafuni. Mpeleke Jumapili asubuhi.

Na neno moja kwako wewe mzazi. Mtoto akipelekwa Misa na dada wa kazi huku baba amebaki anasubiri mpira, ameshaelewa kwamba dini ni ya watoto na wanawake, na akifika kidato cha pili naye atabaki kusubiri mpira. Nenda naye.

Siku nyingine za wiki

Mpeleke jumuiya. Mpe kazi: abebe mshumaa, atandike mkeka, agawe vitabu vya nyimbo. Oktoba, mwezi wa Rozari, jumuiya zinazungukia nyumba. Mtoto wa miaka sita anaweza kuongoza Salamu Maria kumi za tendo moja, akihesabu kwa vidole. Atakosea hesabu na mtasali kumi na mbili. Hakuna hasara.

Mwandikishe Utoto Mtakatifu. Shirika hili lilianzishwa Ufaransa mwaka 1843 na Askofu Charles de Forbin-Janson, na leo ni moja ya mashirika manne ya kipapa ya kimisionari. Utaratibu wake unamfaa hata mtoto wa chekechea: Salamu Maria moja kila siku, na sarafu ndogo kila mwezi kwa ajili ya watoto wenzake. Nyimbo, michezo na maigizo vinamfuata humo humo, na siku yao kubwa ni Tokeo la Bwana, mwezi Januari.

Fuatilia kipindi cha dini shuleni. Darasa linapogawanyika, mtoto wako lazima ajue aende wapi. Mwambie waziwazi: "Wewe ni Mkatoliki." Wengi hapa wanasema Roma, naye ajue kwamba Roma ni yeye. Bila hivyo atamfuata rafiki yake hadi darasa la Kiislamu akae kule muhula mzima, na mwalimu atakuwa amempenda. Ikitokea usigombe. Cheka, mshukuru mwalimu, kisha mweleze. Uliza pia kama mwalimu wa dini wa Wakatoliki anafika kweli. Asipofika, mafundisho ya Jumamosi parokiani ndiyo tegemeo lako.

Jirani na ndugu wa dini nyingine

Kwa Tanga hili haliepukiki, na wala si tatizo. Mtoto atasikia adhana kabla ya kengele. Bibi wa Muheza huenda ni Mwanglikana, shangazi ni Mwislamu, na rafiki yake wa damu anaitwa Ramadhani.

Mfundishe adabu kabla ya hoja. Mwezi wa Ramadhani asile andazi barazani mbele ya wenzake waliofunga. Iddi aende na nguo safi, akale pilau, aseme "Iddi mubarak". Krismasi wao watakuja kwako. Mabishano ya dini ya nani ni ya kweli ayakimbie. Mpe jibu fupi la kubeba: "Sisi tunasali hivi, nyinyi mnasali vile, twende tukacheze."

Atakuuliza kwa nini yeye hafungi. Mwambie kuna Kwaresima. Sheria ya kutokula nyama inaanza akitimiza miaka 14, na ya kufunga akitimiza 18, kwa hiyo usimlazimishe mtoto wa miaka sita kushinda na njaa. Aache ubuyu au pipi, hela yake aitie kwenye kopo, Pasaka akatoe sadaka. Chagueni kitu kimoja. Mtoto aliyeacha vitu vitano Jumatano ya Majivu amevirudia vyote Ijumaa.

Kama mwenzako wa ndoa si Mkatoliki, malizeni mazungumzo wenyewe kabla mtoto hajaanza kuuliza. Ulipopewa ruhusa ya ndoa ile uliahidi kufanya kila unaloweza ili watoto wabatizwe na kulelewa Kikatoliki, na mwenzako alijulishwa. Ahadi hiyo haikupi ruhusa ya kuidharau dini yake mezani. Mtoto akisikia mzazi mmoja anamcheka mwenzake kwa sala zake, atawacheka wote wawili.

Mafundisho ya Komunyo

Tangu 1910, Papa Pius wa Kumi alipotoa agizo lake, Kanisa linasema mtoto akifikia umri wa kutambua, yaani karibu miaka saba, asicheleweshewe Komunyo. Parokia nyingi kwetu husubiri ajue kusoma vizuri, kwa hiyo utakuta wengi wako darasa la tatu au la nne. Uliza mapema utaratibu wa kwako: mafundisho ni siku gani, yanachukua muda gani, yanahitaji karatasi zipi.

Hadi siku hiyo ifike, Misa itakuletea swali: "Mama, mbona mimi sipewi?" Usimjibu kwamba ni mdogo. Mwambie zamu yake inakuja na anajiandaa. Katika baadhi ya parokia mtoto anapanda kwenye mstari akiwa amekunja mikono kifuani, Padri anambariki. Ulizia kama kwenu wanafanya hivyo.

Mahudhurio ni kila kitu. Katekista ana daftari, na mtoto aliyekosa mara nyingi atarudishwa hata kama anajibu maswali yote. Safari za kwenda kwa bibi zipange kwa kuangalia kalenda ya mafundisho.

Maswali ya katekisimu mpe moja kila jioni. Akishalikariri, muulize: "Sasa nielezee kwa maneno yako." Hapo ndipo utajua kama ameelewa au ameimba. Kwenye mtihani wa paroko, anayeimba hukwama swali likigeuzwa kidogo tu.

Kitubio cha kwanza kinawatisha kuliko mtihani. Mwonyeshe kiti cha kitubio siku tulivu. Fanyeni zoezi nyumbani, akitaja dhambi za kubuni, kama "nimeiba ndege". Za kweli usimuulize, wala akitoka usimdadisi. Padri amefungwa kutozisema, na wewe jifunge vivyo hivyo.

Mjue anayemfundisha mwanao. Mafundisho yafanyike mahali pa wazi, watoto wakiwa wengi. Mpeleke na umchukue, au mpange zamu na wazazi wa mtaa. Mwambie mtoto kwamba hakuna siri kati yake na mtu mzima yeyote ambayo mama au baba hapaswi kuijua, awe mwalimu, mwanakwaya au padri. Akikwambia jambo, mwamini kwanza. Simu ya msaada kwa mtoto nchini ni 116. Kanisani mwambie paroko au ofisi ya askofu, lakini dawati la jinsia na watoto la polisi usiliruke.

Sherehe iwe saizi yake. Nguo nyeupe, mshumaa, picha moja nzuri, chakula cha nyumbani na jirani wote. Ukumbi, MC na keki ya ghorofa tatu kwa mtoto wa miaka tisa ni harusi ya wazazi. Kukopa kwa ajili hiyo sikushauri kabisa, na kama vikundi vya kina mama vitanuna, vinune.

Jumapili inayofuata ndiyo ya kuangalia. Wengi hupotea hapo, kama waliohitimu. Kabla hajavua ile nguo nyeupe awe na mahali pa kwenda: watumikiaji wa altare, kwaya ya watoto, au abaki Utoto Mtakatifu akiwa miongoni mwa wakubwa wao. Mwulize anachopenda, kisha mpeleke wewe mwenyewe siku ya kwanza ya mazoezi. Kipaimara kitakuja na mafundisho yake, na Askofu ndiye kwa kawaida anayekitoa.

Na kabla hamjaondoka siku ya Komunyo, pitia ofisini. Hakikisha sakramenti imeandikwa na jina limeandikwa sawasawa na la cheti cha kuzaliwa, herufi kwa herufi. "Elizabeth" na "Elizabeti" zitakusumbua miaka ishirini baadaye, akija kuomba karatasi za ndoa. Kama alibatizwa parokia nyingine, uliza taarifa itapelekwaje huko. Kisha cheti cha Komunyo nacho kipige picha.